Maswali na majibu: Nihamie mfumo gani wa kompyuta?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wasomaji wengi wananiuliza waelekee wapi: Windows 11, Mac za Apple, Linux (mfumo wa bure) au Chromebook (kompyuta zinazotumia mfumo wa Google). Nitayajibu maswali yenu moja baada ya jingine, ila kwanza niseme msimamo wangu. Kabla ya kuuliza mfumo upi ni bora, andika kwenye karatasi programu ambazo zikikosekana kazi yako inasimama. Karatasi hiyo ndiyo itakayochagua mfumo.

Kompyuta yangu ya mezani ina Windows 10 na haina tatizo lolote. Nimejaribu kuweka Windows 11, inakataa. Je, ni lazima ninunue nyingine?

Si lazima, ndugu yangu. Jua kwanza kwa nini imekataa. Windows 11 inataka kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 64, na kompyuta nyingi zinavuka hapo. Zinakwama kwenye prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, au kwenye chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa upande wa Intel, prosesa zinazokubaliwa kwa kawaida ni za kuanzia kizazi cha 8, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kama yako ni ya nyuma ya hapo, Windows 11 iache. Lakini kama tatizo ni TPM, usikate tamaa mapema: mara nyingi chipu imo, ila imezimwa kwenye mipangilio ya ubao mama, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Fundi anayejua kazi yake ataiwasha kwa dakika chache. Microsoft inatoa bure programu ya PC Health Check, nayo itakuambia ni kipi hasa kinachokosekana. Inaniuma kusikia kompyuta nzima imetupwa kwa sababu ya kitu kilichokuwa kimezimwa tu.

Kama kikwazo ni prosesa, una njia mbili. Ya kwanza ni masasisho ya usalama ya muda wa nyongeza, ambayo Microsoft ilitangaza kuwa kwa watu binafsi yatafika tarehe 13 Oktoba 2026. Hayo yanakupa nafasi ya kujipanga, basi. Ya pili ni Linux. Tengeneza flashi yenye Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni aina za Linux, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na utumie bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Ilaze, kisha uone kama inaamka vizuri. Ukiridhika ndipo uisakinishe, baada ya kunakili faili zako mahali pengine.

Kitu kimoja nakusihi usifanye: kuendelea na Windows 10 isiyosasishwa huku unaingia benki kwa kompyuta hiyohiyo. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa fulani wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, shambulio la WannaCry lilipenya kwenye ufa uleule katika kompyuta ambazo wenyewe hawakuzisasisha, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Wale dawa walikuwa nayo kwa karibu miezi miwili. Mwenye Windows 10 iliyoachwa, dawa yenyewe haitamfikia.

Tuna ofisi ndogo ya watu saba. Fundi wetu anasema tuhamie Linux wote kwa mpigo ili tuondokane na leseni. Mnashaurije?

Nia ya fundi ni nzuri, na mimi mwenyewe ni mpenzi wa Linux. Ila neno "wote kwa mpigo" linanitia hofu, na sababu ipo kwenye historia.

Mji wa Munich huko Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamishia Linux kompyuta za ofisi zake, karibu 15,000. Kazi ilikamilika mwaka 2013. Mwaka 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko ya muda mrefu, mengi yakihusu programu za kazi na nyaraka zisizoelewana na za ofisi nyingine. Sasa tazama askari wa Gendarmerie ya Ufaransa. Mwaka 2005 walibadilisha programu za ofisi tu, wakaanza kutumia OpenOffice juu ya Windows ileile waliyoizoea. Mwaka uliofuata wakabadilisha kivinjari na programu ya barua pepe. Linux yenyewe waliianza mwaka 2008, wakati watumishi tayari wanazijua programu zote watakazozikuta huko. Mpaka leo wapo kwenye toleo lao wenyewe la Ubuntu.

Nanyi fuateni mpangilio huo. Wekeni LibreOffice, programu za ofisi mfano wa Word na Excel, kwenye Windows mliyonayo, ni bure, mfanye nayo kazi halisi kwa miezi miwili au mitatu. Mtagundua mambo ambayo hakuna muuzaji atakayewaambia. Barua iliyokaa vizuri kwenye Word itasogea mistari, mara nyingi kwa sababu fonti ya Calibri haipo. Wekeni Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, na mengi yatatulia. Lahajedwali lenye makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, ni shida kubwa zaidi. Lile la kukokotoa mishahara, ambalo mtu mmoja alilitengeneza miaka iliyopita na hakuna mwingine anayelielewa, huenda lisifanye kazi kabisa. Lijaribuni la kwanza.

Halafu ulizeni kuhusu programu ya uhasibu. Kama inafunguliwa kwenye kivinjari, mfumo wowote utaifaa. Kama inasakinishwa na imetengenezwa kwa Windows peke yake, kompyuta ya mhasibu ibaki na Windows, tena ya kulipiwa leseni halali. Hakuna aibu ofisi moja kuwa na mifumo miwili. Kagueni pia skana, mashine ya kuchapa risiti, na mfumo wowote wa serikali au benki unaodai programu maalumu kwenye kompyuta.

Leseni mtakayoiokoa si faida yote. Kuna saa za kuwafundisha watu, na kuna siku ambayo fundi huyo hatakuwepo. Ulizeni mapema: akiondoka, nani mwingine anaweza kuzihudumia kompyuta hizi? Jibu likiwa "hakuna", tafuteni wa pili kwanza. Na mkifika kwenye kuhama, chukueni toleo la Ubuntu la LTS, linalotoka kila baada ya miaka miwili na kuhudumiwa kwa miaka mitano, msije mkalazimika kubadilisha kila baada ya miezi.

Binti yangu anaingia chuo kikuu. Anataka Mac, mimi naona Windows inatosha. Tupatanishe.

Atakayewapatanisha ni idara anayokwenda kusoma. Mzazi, ulizia orodha ya programu za kozi yake kabla ya kutoa hata senti moja. Akisoma uhandisi na kozi ikatumia SolidWorks, programu ya kuchorea vifaa na mashine, hiyo ni ya Windows. Akijifunza kutengeneza programu za iPhone, Xcode inafanya kazi kwenye Mac peke yake. Kwa sheria, fasihi, ualimu na biashara, zote mbili zinafaa, na hapo sioni ubaya wa kumpa anachokipenda ikiwa uwezo upo.

Tahadhari mbili. Zamani mtu aliweza kuweka Windows moja kwa moja kwenye Mac kwa njia ya Boot Camp. Mac zenye chipu za Apple zenyewe, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, haziruhusu hilo. Itabidi aiendeshe Windows ndani ya programu nyingine, na si kila programu ya Windows inakubali kufanya kazi hivyo. Pili, msinunue Mac iliyotumika yenye prosesa ya Intel hata ikiwa bei inavutia. Apple imetangaza kwamba macOS 26, mfumo wa Mac, ndilo toleo la mwisho kwa mashine hizo.

Ni kweli Mac na Linux hazishiki virusi?

Hapana. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya XZ, programu ndogo inayotumika katika Linux nyingi. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Kweli, virusi vingi huandikwa kwa ajili ya Windows kwa kuwa huko ndiko watu waliko. Lakini barua pepe ya kitapeli inayokuomba nenosiri haijali unatumia mfumo gani.

Mama yangu ni mtu mzima. Anataka kusoma habari, kutazama video na kuzungumza na wajukuu. Chromebook inamfaa?

Inamfaa sana. Inajisasisha yenyewe na haina mengi ya kuharibu. Jambo la kuangalia ni tarehe ya mwisho wa masasisho, ambayo imo kwenye mipangilio ya mashine. Google iliahidi miaka 10 kwa zilizotoka kuanzia 2021, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotolewa, wala si siku uliyoinunua. Iliyokaa muda mrefu dukani imeshakula sehemu ya miaka yake.

Kwa biashara ya mtu mmoja, Windows Home au Pro?

Home inatosha wengi. Lipia Pro kama unataka kuiendesha kompyuta yako ukiwa mbali kwa zana ya Windows yenyewe, kama una mpango wa kuunganisha kompyuta kadhaa chini ya seva moja, au kama unataka BitLocker kamili ya kufunga diski kwa msimbo. Mtu anayetembea na taarifa za wateja kwenye kompyuta mpakato ningemshauri achukue Pro kwa hilo la mwisho tu.

Naweza kuweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja?

Unaweza. Anza na Windows, kisha Linux, kwa sababu Linux ikija ya pili hukuwekea orodha ya kuchagua mfumo kila unapowasha. Usishangae saa ikipotoka unapohama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine: Windows huhifadhi saa ya mahali ulipo, Linux huhifadhi saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na Linux inaweza kuelekezwa ifuate ya Windows. Zima pia kipengele cha Windows cha kuwaka haraka, la sivyo Linux inaweza kushindwa kuandika kwenye diski ya Windows. Na kabla hujagusa chochote, hakikisha kama diski imefungwa kwa BitLocker, kisha uandike ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi. Mabadiliko ya namna kompyuta inavyowaka yanaweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo, na usipokuwa nao hutaziona faili zako tena.