Darasa la pili wanaweza kuandika habari za kweli

Madarasa ya chini tunawasomea watoto hadithi nyingi, na ni vizuri. Lakini matini za taarifa, zile zinazoeleza mambo yalivyo, tunazisukuma mbele hadi wakue. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Nell Duke, alichapisha utafiti alioufanya kwenye madarasa ya kwanza 20: kwa wastani watoto walikuwa wanapata dakika 3.6 tu kwa siku za matini hizo. Mtoto wa namna hiyo akija kukabidhiwa kitabu cha sayansi, lazima kimlemee.

Mimi nafundisha wadogo, na ninachowashauri walimu wenzangu ni kuanza na kitu chenyewe pamoja na maswali ya watoto. Kalamu baadaye.

Chukua konokono. Namweka kwenye chupa ya kioo, watoto wanamzunguka. Ubaoni nachora safu tatu: tunachojua, tunachotaka kujua, tulichojifunza. Mbinu hii aliieleza Donna Ogle, mtaalamu wa Marekani wa ufundishaji wa kusoma, mwaka 1986, na kwangu haijachuja. Maswali hayakawii: anakula nini? Ana macho? Mbona hana miguu?

Hapo ndipo nafungua kitabu. “Tukitaka kujua anakula nini, tutafute wapi?” Sasa ukurasa wa yaliyomo na vichwa vidogo vina kazi, maana kuna kitu kinatafutwa. Michoro nayo tunaisoma, hatuitazami tu. Tunafuata kila mshale hadi kwenye jina lake. Wakigundua kwamba macho yako kwenye ncha za zile pembe mbili ndefu, wote wanarudi mbio kwenye chupa kuhakikisha.

Kwenye kuandika, wengi huanza hivi: “Konokono wetu alitoka akala jani.” Sentensi nzuri, ila ni kisa cha konokono mmoja siku moja. Pembeni yake naandika: “Konokono hula majani.” Nawauliza ipi inawahusu konokono wengi. Wanaing’amua haraka, na baada ya hapo utawasikia wakiinyaka “hu-” kila wanapoiona kitabuni. Akitokea wa kuandika “Konokono anachukiza”, namuuliza tu: tunajuaje?

Kunakili ndiyo shida kubwa zaidi. Mtoto anahamisha aya nzima bila kuelewa neno. Dawa yangu ni moja: funga kitabu, mweleze mwenzako kwa mdomo, kisha andika ulichomwambia. Sentensi zitakuwa fupi na zitapinda kidogo, lakini ni zake. Asiyeweza bado sentensi achore konokono na kuandika majina ya sehemu zake: gamba, pembe, mguu. Kwa umri huo naihesabu kuwa matini kamili, na sikubali aambiwe amechora tu.

Maswali ya ubaoni yanageuka vichwa vidogo. Kila kikundi kinachukua kimoja, kurasa tunazishona pamoja, kitabu kinapelekwa darasa jirani. Usiruke hatua hii. Msomaji asiyemjua konokono wenu atauliza, “Sasa analala wapi?” na mwandishi mwenyewe ataona pengo, pengine kuliko ungemwonyesha wewe. Warudi waongeze. Tahajia na herufi kubwa nazisahihisha mwisho kabisa, wakishamaliza kusema walichotaka kusema.