Kuchagua kati ya R01 na R21 kwa utafiti wa kifafa

Umeuliza kama mtafiti anayeanza kuchunguza chanzo cha kifafa, akiwa na matokeo machache ya awali, aombe ruzuku ya R01 (ya mradi kamili wa utafiti) au R21 (ya utafiti wa majaribio ya awali) kutoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH). Kwa maoni yangu anza na R21, kwa kuwa inalenga mawazo mapya ambayo bado hayana ushahidi mwingi, ingawa kwa kawaida gharama zake za moja kwa moja (fedha za utafiti wenyewe, bila zile za uendeshaji wa chuo) hazizidi dola 275,000 kwa miaka 2, na maelezo ya utafiti huishia kurasa 6, ilhali R01 huruhusu 12. Kabla ya kuandika andiko zima, mtumie afisa programu (mtumishi wa NIH anayewashauri waombaji) wa taasisi ya NIH inayoshughulikia magonjwa ya neva ukurasa mmoja wa malengo mahususi, umuulize kama wanapokea R21 ya aina yako, maana si kila taasisi huipokea. (Wengi huona haya kuandika barua hiyo, nami sielewi kwa nini.) Katika ukurasa huo, lengo la pili lisitegemee kufaulu kwa la kwanza, kwani wahakiki, yaani wataalamu wanaoyapa maombi alama, hulikamata kosa hilo upesi. Alama za kila mhakiki zikirudi, 1 ndiyo bora na 9 ndiyo mbaya kabisa.