Geuza jani kwanza: maswali yenu kuhusu dawa ya ukungu

Mvua zikishakolea, barua nyingi huja na swali moja: majani yana madoa, nipige nini? Safari hii nimechukua nane, kutoka Kisoro mpaka Arua hapa Uganda. Karibu zote ni za maharagwe, moja ni ya adesi, na mwandishi wa moja ana hakika kwamba ukungu umemmalizia shamba, kumbe huenda ni mdudu.

Maharagwe yametoa madoa ya kahawia. Nimepiga Ridomil mara mbili na madoa yanazidi. Nimeuziwa feki? (Bwera, Kasese)

Inawezekana, lakini kabla hujamwendea mwenye duka, chuma majani kadhaa uyageuze. Doa likikomea pale mshipa wa jani ulipo, likawa na kona badala ya kuwa duara, na upande wa chini ukaona vinyweleo vyeusi vidogo vimesimama, hayo ni madoa pembe. Mishipa ya chini ya jani ikiwa na rangi ya tofali au nyeusi, na maganda yakiwa na vidonda vilivyobonyea vyenye ute wa waridi katikati, hiyo ni chule. Pangusa jani kwa kidole: kidole kikitoka na unga mwekundu wa kahawia, una kutu. Zote tatu ni kuvu, na dawa ya ukungu inazihusu.

Jani likikauka vipande vikubwa, mara nyingi kuanzia ukingoni, na kati ya palipokufa na palipo hai pakawa na ukanda wa manjano ya limau, hao ni bakteria. Hapo dawa ya ukungu haifanyi kazi hata ikiwa halali kabisa. Dawa za kopa, yaani shaba, hupunguza kasi yao kidogo tu. Na jani likijikunja likawa na mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu, hiyo ni batobato, ugonjwa wa virusi; usimwage shilingi hata moja kwenye dawa ya ukungu.

Kuhusu Ridomil yenyewe: ile inayouzwa zaidi ina vitu viwili, metalaksili na mankozebu. Metalaksili imetengenezwa kwa ajili ya baka chelewa la viazi na nyanya pamoja na jamaa zake. Haigusi chule, wala madoa pembe, wala kutu. Inayokusaidia kwenye maharagwe ni ile mankozebu iliyomo, na hiyo inauzwa peke yake kwa bei ya chini zaidi. Wauzaji wengi wanalijua hili na hawasemi.

Halafu mankozebu haiponyi. Inakaa juu ya jani na kuzuia mbegu za kuvu zisiote, basi. Doa la jana litabaki doa. Ukitaka kujua kama dawa imefanya kazi, tazama majani mapya ya juu. Yakitoka safi, imefanya.

Nianze kupiga lini? Jirani yangu anaanza mche ukiwa na majani mawili. (Bududa)

Jirani anapoteza hela, isipokuwa kama mbegu yake ilikuwa na ugonjwa tangu mwanzo. Wakati wenye faida kubwa ni kuanzia vitumba vya maua vinapoonekana hadi maganda yanapoanza kujaa. Kwa maharagwe mafupi ya maeneo ya katikati maua hutokea kama siku ya 35 hadi 40 tangu kupanda. Huko kwenu mlimani huchelewa zaidi. Ukiona madoa kwenye majani ya chini mapema na mvua haikatiki, anza mapema. Jua likiwaka wiki nzima, acha bomba ndani.

Rudia kila baada ya siku 7 hadi 14, kulingana na mvua na kibandiko kinavyosema. Mvua kubwa ikinyesha kabla dawa haijakauka, hesabu hukupiga. Piga umande ukishakauka au jioni nyuki wakisharudi, na ukienda safu hadi safu inamisha kichwa cha bomba kitazame juu, dawa ifike chini ya jani.

Zipo dawa zinazopenya ndani ya jani, kama azoksistrobini. Ni nzuri, ila usizirudie mfululizo msimu mzima. Kuvu huzizoea, na zikishazoeleka kijijini hakuna wa kuzirudishia nguvu. Pishanisha na mankozebu.

Bomba langu ni la lita 20. Niweke vifuniko vingapi vya soda? (Masindi)

Hakuna. Kifuniko hakipimi unga: ukiushindilia ni kipimo kingine, ukiuacha umetuna ni kingine. Vibandiko vingi vya mankozebu ya asilimia 80 vinataka gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, yaani gramu 40 hadi 50 kwa bomba lako. Fuata cha kwako. Nenda kwa mwenye mizani ndogo, pima mara moja, mimina kwenye kikopo cha plastiki na uchore mstari kwa kalamu ya wino pale unga ulipoishia. Kikopo hicho kisirudi jikoni tena.

Koroga unga na maji kidogo kwenye ndoo mpaka uwe uji, ndipo umimine kwenye bomba lililojaa nusu. Tumia kijiti, siyo mkono. Eka moja ya maharagwe yaliyoshona inahitaji mabomba 8 hadi 10. Wanaoniambia wamemaliza eka kwa mabomba matatu wamelowesha majani ya juu tu, na ugonjwa unaanzia chini. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na usiende kuoshea bomba kwenye kijito.

Miche yangu inageuka njano na kufa kabla ya kutoa maua. Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu. (Kisoro)

Pole sana, mzee wangu. Ng'oa mche mmoja unaokufa, usiuvute kwa nguvu. Uchimbue na udongo wake, uoshe. Sasa pasua shina kwa wembe, pale linapokutana na udongo. Ukikuta shina limevimba na kupasuka, na chini ya ganda lake kuna vidubwana vya kahawia au vyeusi vidogo kuliko punje ya mchele, hao ni mabuu waliogeuka pupa wa nzi wa maharagwe. Nzi hutaga kwenye jani changa na mtoto wake hushuka akila shina kwa ndani. Dawa ya ukungu na yeye hawajuani. Kwa msimu huu inulia udongo shinani ili mche utoe mizizi mipya juu ya palipoliwa. Msimu ujao panda mapema, au tumia mbegu iliyopakwa dawa ya wadudu.

Usipoona kitu ndani ya shina, na mizizi ikawa laini, ya kahawia, inayochunika mkononi, basi ni kuoza mizizi, ugonjwa ulioitesa sana nyanda za juu za kusini magharibi. Huo ni kuvu na jamaa zake, lakini wanaishi udongoni na wewe unapuliza majani! Dawa yake hupakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda. Kubwa zaidi ni matuta yaliyoinuliwa maji yasituame, samadi iliyooza vizuri, na kuacha kupanda maharagwe juu ya maharagwe kila msimu.

Majivu, sabuni na mkojo wa ng'ombe vinazuia chule? (Soroti)

Majivu na sabuni husumbua vidukari. Kwa chule sijaona cha kunishawishi. Mkojo wa ng'ombe una naitrojeni, kwa hiyo majani hukolea kijani na mtu akadhani amepona.

Mwalimu, nina shamba Kapchorwa na wanunuzi wa Mbale wanaulizia adesi. Inahitaji dawa gani? (Kapchorwa)

Swali la dawa ni la pili. La kwanza ni mvua yenu. Adesi hupenda baridi ikikua na ukavu ikikomaa. Mvua ikiikuta na maganda, inaoza. Wakulima wa Ethiopia wenye udongo mweusi huipanda mvua zikielekea mwisho, ikamalizia kwa unyevu uliobaki ardhini. Wewe nawe ukijaribu, ielekeze ikomae Desemba au Januari.

Kanada, wanaouza adesi nyingi kuliko yeyote duniani, hasa jimbo la Saskatchewan, dawa ya ukungu hupigwa maua ya kwanza yanapotokea, kabla mimea haijafunga safu. Ikishafunga, dawa haifiki chini. Adui zao ni madoa ya askokita, chule ya adesi na ukungu wa kijivu. Ethiopia wana kutu pia, na hiyo si kutu ya maharagwe yako. Hushika njegere pia, kwa hiyo jirani mwenye njegere ndiye wa kuangalia. Jaribu kipande kidogo kwanza. Mkopo wa adesi nisingeuchukua.

Navuna kilo 300 kwa eka. Kupiga dawa kunalipa? (Mutukula)

Piga hesabu kwa kilo za maharagwe, usipige kwa shilingi. Awamu mbili kwa eka zitakula karibu kilo moja ya mankozebu. Ongeza kibarua na kubeba maji. Tuseme vyote ni sawa na kilo 30 za maharagwe kwa bei unayouzia shambani: basi ugonjwa lazima uwe unakula zaidi ya kilo 30 ndipo ubaki na kitu. Msimu wa jua, haulipi. Msimu wa mvua za mfululizo na mbegu dhaifu, unalipa vizuri.

Lakini mimi hela ya kwanza ningeiweka kwenye mbegu. Aina ya K132 inapendwa sokoni na chule inaipenda vilevile. Kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge kimetoa aina nyingi baada ya hapo, zenye majina ya NABE na NAROBEAN. Muulize afisa ugani ipi inastahimili ugonjwa unaokusumbua wewe, maana hakuna inayostahimili yote. Ukihifadhi mbegu yako mwenyewe, itoe kwenye kona ya shamba iliyobaki safi na uiweke alama mimea ikiwa bado imesimama. Kuchambua punje zenye madoa mezani husaidia, ila chule hujificha hata kwenye punje inayoonekana nzuri. Na wale bibi wa kusini magharibi wanaopanda maharagwe ya rangi tano pamoja hawakukosea: ugonjwa unaopata mmea mmoja hukwama kwa jirani wa aina nyingine.

Tunachuma majani ya kunde kuwa mboga, na mwaka huu tumepiga mankozebu. Tusubiri siku ngapi? (Arua)

Dada, msile majani hayo. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti hazikuwekwa kwa ajili ya majani ya kunde, na jani ndilo lililopokea dawa yote. Kuosha hakutoshi, na kuchemsha kunaigeuza sehemu ya mankozebu kuwa kitu kibaya zaidi, kinachodhuru tezi ya shingo. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliifutia mankozebu kibali chake kwa sababu za afya. Hapa kwetu bado inauzwa, na kwa punje kavu naitumia nikizingatia siku. Kwa mboga ya majani, tengeni kitalu kisichopigwa kabisa, upande upepo unakotoka, na watoto waonyeshwe mpaka wake.