Mwambie mama amekataa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa kutoka Kolwezi niliusoma mara mbili, ya pili nikimsomea baba yako. Unauliza: umepata moteri (injini) ya Corolla, aina ya 4A-FE, kwa bei nzuri, na mwenyewe anataka hela kesho. Uichukue sasa, fremu ya gari lako la spoti uje kuichomelea baadaye, au uanze na fremu? Baba yako akacheka. "Mjibu wewe, ndiwe uliyeuza moteri."

Usiichukue.

Moteri yenyewe haina ubaya: sentimita za ujazo 1,587, valvu 16, haina makuu, na piyesi zake, yaani vipuri, hapa Lubumbashi hukosi. Tatizo ni ile picha. Niliikuza mpaka nikaona waya: zimekatwa kwa kisu, karibu kabisa na moteri. Kompyuta yake, ile inayoiongoza moteri, iko wapi? Nilipoanza kibanda nilinunua ya namna hiyo, imeoshwa kwa petroli inang'aa. Ilikaa chini ya turubai miaka miwili, kuku wakitaga pembeni yake. Mafundi watatu walikuja, wakazitazama zile waya, wakaondoka. Mwisho niliuza silinda hedi peke yake, chuma kilichobaki kikaenda kwa kilo.

Tafuta gari zima lililogongwa nyuma, mbele kukiwa salama. Hapo utapata moteri, bwate ya gia, kardani zote mbili zinazozungusha magurudumu, habu, waya, kompyuta, rejeta, mpaka pedeli, vyote vilivyozoeana tangu kiwandani. Liwashe likiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta kitu kama maziwa ya unga yaliyokorogwa vibaya, huenda maji yameingia kwenye oili: funga, shukuru, ondoka. Na kila plagi uipige picha kabla hujaichomoa.

Unataka moteri ikae nyuma ya viti. Hapo nakuunga mkono. Fiat walifanya hivyo mwaka 1972 kwa X1/9, wakitumia mitambo ya gari lao la kawaida linalovuta kwa mbele. Toyota nao wakaja na MR2 mwaka 1984. Moteri, bwate na kardani unavihamisha pamoja, ila vielekee kulekule vilikokuwa vikielekea. Ukivigeuza mbele nyuma, utapata gari lenye gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma, na mtaa mzima wa Katuba utakuja kukutazama.

Sasa sitanii. Magurudumu hayo yalikuwa ya mbele, yalikuwa yakikata kona. Ukiyapeleka nyuma, ile mikono ya usukani bado ipo, na lazima uifunge kwenye fremu kwa fimbo imara zisizocheza. Moja ikilegea, nyuma ya gari itajikatia kona yenyewe, na nakuona uko barabara ya Likasi katikati ya malori. Breki nazo vilevile: kwenye Corolla zile kubwa ziko mbele. Ukihamisha habu zake, nguvu ya kusimamisha imehamia nyuma, na gari linalofunga nyuma kwanza huzunguka kama pia. Hapo usibahatishe. Mpe fundi breki apange upya, umlipe, hata kama mtabishana bei.

Rejeta iache mbele, na mabomba mawili marefu yapite chini ya sakafu. Hewa hupenda kukwama humo, kwa hiyo weka pa kuitolea sehemu ya juu kabisa, la sivyo joto la Oktoba litakuaibisha.

Kuhusu fremu: usikate chuma hata kimoja bado. Mitambo ikishafika, iweke kwenye vipande vya mbao uani, juu ya sementi, kwa kimo itakachokaa. Weka kiti mbele yake, ukae, unyooshe miguu mpaka kwenye pedeli. Baba yako atachora kwa chaki kukuzunguka: goti lako liko wapi, tangi la mafuta litaingia wapi, mkono wa gia unafikika au hapana. Ukiwa na urefu wako huo, najua michoro tutaifuta mara kadhaa. Chaki haigharimu kitu. Kaka yako wa Ruashi alianza kwa kuchomelea, na fremu yake leo imebeba nguo za kuanika.

Jumamosi nitapita Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa yule mzee anayenunua magari ya ajali. Nikiona Corolla iliyopigwa nyuma nitakutumia picha, na safari hii picha ya waya kwanza. Yule wa kesho mwambie mama amekataa.

Mama yako