Mpishi wangu amefananishwa na tajiri, hadhira haiamini

Swali: Shikamoo mwalimu. Katika tamthilia yangu, mpishi anafika kijijini, anafananishwa na mwekezaji. Wenzangu wanasema angegundulika mara moja. Nimemwongezea maneno ya kuwalaghai wanakijiji, bado hawaamini. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hayo maneno ya ulaghai ndiyo yanayokuponza. Yafute. Unahangaika na mpishi, kumbe wa kuandaliwa ni wanaomfananisha.

Itazame *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, tamthilia ya mwandishi wa Kirusi Gogol, iliyochezwa mara ya kwanza St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, mwaka 1836. Katika tendo zima la kwanza Khlestakov, kijana anayefananishwa na mkaguzi, haonekani. Tunamwona meya akiwasomea maofisa barua: mkaguzi anakuja kwa siri. Hakimu hupokea rushwa ya watoto wa mbwa wa kuwindia, hospitali ni chafu, kila mtu roho juu. Ndipo wenyeji wawili wanaingia mbio: kuna kijana nyumba ya wageni, halipi, haondoki, na alichungulia hadi sahani zetu! Walikuwa wanakula samaki. Kijana alikuwa na njaa tu.

Sasa tabaka. Tangu 1722 watumishi wa serikali ya Urusi walipangwa kwa madaraja 14, na Khlestakov yuko la 14, la mwisho kabisa. Ila ana suti ya St Petersburg, na anaona heri alale njaa kuliko kuiuza. Sisi hadhira hatudanganyiki, maana tendo la pili linaanza na mtumishi wake kajilaza kitandani mwa bwana wake, akilalamikia njaa na kutuanikia siri zote. Meya anapoingia, Khlestakov anadhani anakuja kufungwa kwa deni, anafoka kwa hofu. Meya anasikia ukubwa. Khlestakov anaomba mkopo wa rubo 200, anasukumiwa 400. Uongo mkubwa, kama lile tikiti maji la rubo 700 (hapo mimi hucheka kila mara), unakuja baadaye, ameshashiba na kulewa, nao wameshaamini.

Kwa hiyo anza na mwenyekiti wa kijiji aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, huku akimsubiri mwekezaji. Mpishi mvalishe koti zuri alilopewa na tajiri wake, basi. Akiuliza, "Jiko liko wapi?", wajumbe wakimbilie kulifagia.