Kwenda Uwanja wa Ndege na Kutoka ni Safari Mbili

Nilifika kaunta ya mizigo dakika 4 baada ya kufungwa. Dada aliyekuwa zamu alinitazama kwa huruma, akaniambia ndege bado ipo na mimi mwenyewe naweza kuikimbilia, ila mzigo hauingii tena. Nami nilikuwa na sanduku la vifaa vya mkutano, mali ya watu, nisingeweza kulitelekeza pale. Nikabaki. Tiketi mpya ya siku ile ilimeza karibu ujira wote wa kazi niliyokuwa nimetoka kuifanya.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimepiga hesabu. Siku tatu kabla niliwasili uwanja huohuo saa tano usiku, na teksi ikanifikisha hotelini kwa dakika 35. Kwa hiyo siku ya kuondoka nikajipa saa nzima ya njiani, nikaona nimejihami vya kutosha. Lakini safari hii ilikuwa saa moja asubuhi, siku ya kazi, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Dereva hakuwa na kosa lolote. Tulikaa juu ya daraja moja dakika 50, nikitazama taa nyekundu za magari ya mbele zikiwaka na kuzima, mita ikipanda, vioo vikijaa mvuke, na kila nikitazama saa naona dakika mbili tu zimepita. Kosa langu lilikuwa kupima safari ya kwenda kwa kipimo cha safari ya kuja.

Ni miaka 9 sasa. Kazi yangu ya ukalimani hunisafirisha mara kwa mara, na tangu siku ile nimeacha kuuliza usafiri gani ni mzuri kwa uwanja fulani. Nauliza maswali mawili: wa kuja ni upi, na wa kuondoka ni upi? Mara nyingi majibu hayafanani. Ukichelewa njiani ukitoka uwanjani, unapoteza saa moja ya usingizi. Ukichelewa ukienda, unapoteza tiketi, na pengine kazi, harusi au mazishi uliyokuwa unayawahi. Kwa hiyo nikija nachagua kwa kuangalia uchovu na mzigo wangu. Nikiondoka naangalia uhakika.

Na uhakika si mwendo kasi. Watu hutafuta usafiri wa haraka. Mimi natafuta ule ambao siku yake mbaya haiko mbali sana na siku yake nzuri. Chukua uwanja wa Heathrow, London. Treni ya chini ya ardhi ya laini ya Piccadilly imefika pale tangu 1977, na kutoka katikati ya jiji inachukua karibu saa nzima, ikisimama vituo vingi. Wengi huidharau kwa sababu hiyo. Lakini saa ile ni saa asubuhi, ni saa jioni, ni saa mvua ikinyesha. Teksi kwa njia hiyohiyo inaweza kuwahi kuliko treni au kukumaliza kabisa, na ukiwa unapakia mabegi huwezi kujua leo ni siku ipi kati ya hizo mbili.

Treni nazo huharibika, na wafanyakazi wake hugoma. Ndiyo maana jioni ya kuamkia safari natazama tangazo la shirika la reli lenyewe, maana ramani ya simu haijui kila kitu, hasa mwisho wa juma ambapo reli nyingi hufungwa kwa matengenezo. Kisha najiwekea njia ya pili na muda wa kuihamia: isipofika treni hadi saa fulani, naita teksi, bila kuendelea kungoja kwa matumaini. Hesabu yenyewe naianzia mwisho nikirudi nyuma. Mashirika mengi hufunga kaunta za mizigo dakika 45 hadi 60 kabla ya safari ya kimataifa kuondoka; saa hiyo ndiyo naihesabu kuwa saa ya safari. Saa ya kuruka iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya rubani.

Kuna jambo moja zuri ambalo wasafiri wengi hawalitumii kabisa. Hong Kong, kwenye kituo cha treni ya uwanja wa ndege kilicho mjini, abiria wa baadhi ya mashirika wanaweza kukabidhi mabegi yao palepale saa kadhaa kabla ya safari, wakachukua kadi ya kupandia ndege, kisha wakaenda zao kula na kutembea mikono mitupu. Treni yenyewe huchukua dakika 24. Ukiwa na mzigo mkubwa na siku nzima ya kungoja, huduma ya namna hiyo ina thamani kuliko dakika zozote utakazookoa njiani. Kila ninapopanga kwenda jiji nisilolijua, huulizia kama ipo.

Sasa kuja. Hapa ndipo treni ya haraka inapowadanganya watu, kwa sababu tangazo linasema "mjini kwa dakika 15" na wewe hulali stesheni. Heathrow Express, iliyoanza 1998, kweli hufika stesheni ya Paddington, upande wa magharibi wa jiji, kwa dakika 15. Kama chumba chako kiko mashariki ya London, bado una safari nyingine yenye ngazi, na laini ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022 na kukatiza jiji lote, inaweza kukufikisha mlangoni mapema kwa nauli ndogo zaidi. Shanghai wana treni inayoelea kwa sumaku, kilomita 30 kwa dakika 8 hivi, jambo la kustaajabisha kulipanda mara moja maishani. Lakini inakushusha kituo cha Longyang Road, na kutoka pale unaanza upya kwa treni ya kawaida au teksi. Uwanja wa JFK wa New York una treni ndogo iliyofunguliwa 2003. Hiyo hukutoa kwenye majengo ya abiria hadi stesheni za Jamaica au Howard Beach, humohumo New York, kisha unabadilisha. Mimi huhesabu mabadilisho. Begi moja la mgongoni, mabadilisho mawili si kitu. Mabegi mawili ya magurudumu na usiku wa kukesha kwenye kiti, badilisho moja tu linatosha kunitoa machozi.

Basi ndilo usafiri ninaoutetea zaidi, maana halina anayelisifu. Nazungumzia basi la uwanja wa ndege, lile lenye buti kubwa chini, ambalo kijana anakufungia kitambulisho kwenye begi na kukupa kipande chake. Uwanja wa Narita uko kilomita kama 60 kutoka katikati ya Tokyo, na treni za kwenda huko ni nzuri sana, lakini kuna mabasi yanayokwenda moja kwa moja hadi kwenye milango ya hoteli kubwa. Unakaa, unaegemea kioo, unalitazama jiji likikujia polepole, na mzigo wako huugusi tena hadi mwisho. Kama kuna foleni, lala. Ukiingia mjini usiku hakuna anayekungoja kufunga kaunta. Basi hilohilo siku ya kuondoka, saa ya watu kwenda kazini, silipandi.

Kabla sijafika kwenye teksi, soma herufi tatu za jina la uwanja zilizo kwenye tiketi yako. Istanbul ina viwanja viwili, IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia, na kati yao kuna mlango wa bahari wa Bosphorus na foleni ya madaraja yake. Stansted inauzwa kama London ilhali iko zaidi ya kilomita 50 kutoka katikati ya jiji, na Beauvais inauzwa kama Paris ilhali iko kilomita zipatazo 80. Tiketi ya bei nafuu ya huko si mbaya, mradi uongeze nauli ya basi na saa za njiani kabla ya kusema umeokoa pesa. Na ndani ya uwanja mmoja, jua jengo lako la abiria. Heathrow reli hugawanyika, tawi moja kwenda jengo la 4 na lingine jengo la 5. Nimewahi kukaa karibu na familia iliyogundua hivyo milango ikiwa imeshafungwa. Baba akawa anaihesabu tena na tena idadi ya dakika, mama amewashika watoto mikono bila kusema neno.

Sasa teksi. Ukitoka ukumbi wa kuwasili usiku, uchovu ndio adui wako, na kuna watu wanaoishi kwa uchovu huo. Mara moja, katika uwanja ambao sitautaja, jamaa mmoja nadhifu mwenye kitambulisho shingoni alinipokea kwa bashasha kabla sijafika hata kwenye mlango wa kutokea. "Teksi? Karibu, karibu," na mkono wake tayari umeshika mpini wa begi langu. Nikauliza bei. "Usijali, tutaelewana." Begi likaingia kwenye buti, buti likafungwa, na hapo ndipo bei ikatajwa, mara tatu ya ile iliyokuwa imeandikwa kwenye ubao ndani ya ukumbi. Kumbe ubao ule nilikuwa nimeupita bila kuutazama. Nililipa, kwa sababu ilikuwa saa saba usiku na begi langu lilikuwa limefungiwa kwake.

Tangu hapo nina desturi isiyovunjika: begi haliingii kwenye buti kabla bei haijatajwa au mita haijawekwa mahali ninapoiona. Na anayenifuata ndani ya ukumbi simfuati. Teksi halali zina foleni yao nje, na zenyewe ndizo hungoja abiria. Miji kadhaa imewaondolea wageni mzigo huu kwa kuweka nauli moja isiyobadilika. New York wanayo kati ya JFK na Manhattan. Paris wanayo tangu 2016, ikitofautiana kwa uwanja na kwa upande wa mto Seine unakokwenda. Ukishajua nauli hiyo, hata foleni ikiwa ndefu moyo wako unatulia, kwa kuwa dakika haziongezi kitu.

Magari ya kuita kwa simu nayatumia sana, ila si lazima yangoje mlangoni. Viwanja vingi vimeyapeleka kwenye maegesho, ghorofa nyingine, wakati mwingine mwendo wa dakika 10 na begi. Kwa hiyo naangalia eneo la kupakia kabla ya kuagiza, naagiza nikiwa bado nina intaneti ya uwanja, kisha napiga picha ya skrini yenye namba ya gari, maana ukishatoka nje mtandao wa bure hukukimbia. Gari likifika, nasoma namba zake kwanza. Halafu namwachia dereva anitajie jina la abiria wake. Ukimuuliza "Wewe umekuja kumchukua fulani?" mtu yeyote anaweza kuitika.

Jingine ni saa za usiku. Treni za uwanja wa ndege, pamoja na sifa zake zote, nyingi hulala. Treni ya Gautrain ya Johannesburg, iliyoanza Juni 2010, hukutoa uwanjani na kukufikisha eneo la Sandton kwa dakika 15 hivi, lakini ndege yako ikitua usiku wa manane haipo. Ndege iliyopangwa kutua saa nne usiku ni ya kuihesabu kama itatua saa sita, na mpango wa usiku lazima uwe umeandikwa kabla hujapanda: kampuni gani, bei gani, inangojea wapi. Kupanga kitu saa saba usiku ukiwa umesimama kwenye sakafu baridi, betri ya simu ikiwa asilimia 6, sikutakii.

Yote haya nimeyasema kana kwamba unasafiri peke yako na miguu yako ni mizima. Nilipomleta mama yangu, ana miaka 74 na goti linamsumbua, nilichagua treni kwa sababu nilikuwa naiamini. Uwanjani tulipewa kiti cha magurudumu na kijana mpole wa kutusukumia, akatufikisha hadi jukwaani. Upande wa mjini tukakuta lifti imeharibika. Ngazi 42. Nilizihesabu kwa sababu tulizipanda moja moja, yeye ameshika ukingo, mimi nimebeba mabegi mawili nikienda na kurudi kuyafuata, naye kila baada ya ngazi chache akisema, "Tupumzike kidogo, mwanangu." Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma.

Tangu siku ile, kwa mzee, kwa mjamzito, kwa mwenye watoto wadogo, sishauri chochote isipokuwa gari lililopangwa mapema, na dereva wa kumpokea ndani ya ukumbi akiwa ameshika jina. Kuja na kuondoka vilevile, ila kuondoka tunajiongezea saa moja na nusu na kwenda kukaa uwanjani kwa raha. Watoto wadogo waulizie kiti chao cha gari siku unapoagiza; usingoje gari lifike.

Mwaka uliofuata mama alisafiri peke yake. Nilimwandikia karatasi mbili kwa herufi kubwa, lugha ya kule na lugha yetu: anwani ya nyumbani kwangu, simu yangu, namba ya gari la kumpokea. Moja tuliiweka kwenye mkoba, nyingine kwenye mfuko wa koti, iwapo mkoba utapotea. Alipofika mlangoni kwangu alikuwa bado ameishika ile ya koti mkononi, imekunjika kwa jasho, na dereva nyuma yake amembebea kila kitu.