Figo: je, akijiandikisha jimbo jingine anaanza foleni upya?

SWALI: Daktari, mume wangu anasafishwa damu hapa Marekani tangu mwaka juzi. Ana kundi la damu O, na hospitali yetu inasema atasubiri figo ya kupandikizwa kwa miaka. Tunasikia jimbo jirani foleni ni fupi. Akijiandikisha huko, ataanza mwanzo?

JIBU: Hapana dada, haanzi mwanzo. Kwa mtu mzima aliye kwenye tiba ya kusafishwa damu, muda huhesabiwa tangu siku alipoianza, hata kama aliandikwa kwenye orodha baadaye. Ndivyo ilivyo tangu Desemba 2014, na tarehe ya kuanza tiba humfuata kila hospitali. Kinacholeta shida ni makaratasi: fomu 2728, ambayo kituo hujaza mgonjwa anapoanza tiba, huenda ina tarehe yenye kasoro. Ombeni nakala, mwende nayo.

Ila msiangalie jimbo, angalieni umbali. Tangu Machi 2021 mipaka ya majimbo haihesabiki katika kugawa figo. Figo ikipatikana, huchorwa duara la maili 250 za baharini, yaani takriban kilomita 463, kuanzia hospitali aliko mchangiaji. Wagonjwa wa hospitali zilizomo ndani ya duara hutangulizwa. Nyumbani kwenu ni wapi, mfumo hauulizi. Ukaribu ndani ya duara huongeza pointi zisizozidi 2 za kupanga foleni, na kila mwaka wa kusubiri ni pointi 1. Kwa hiyo hospitali ya pili iliyo kilomita 80 tu kutoka ya kwanza inavua kwenye maji yale yale.

Tofauti isiyozungumzwa sana ni ya hospitali zenyewe. Mbili za mji mmoja zinaweza kupewa figo ile ile, ya mchangiaji mwenye umri mkubwa au iliyokaa barafuni saa nyingi. Moja ikaikataa, nyingine ikaipandikiza. Takwimu za SRTR, sajili ya kitaifa ya waliopandikizwa viungo Marekani, huonyesha kila hospitali hukubali viungo kwa kiwango gani. Mimi ningeanzia hapo, kabla ya ramani.

Si kila hospitali hupokea mtu aliyeandikwa kwingine, basi ulizeni hilo kwenye simu ya kwanza. Bima nayo iulizwe kama italipia vipimo vya mara ya pili. Pangeni pia atakavyofika ndani ya saa chache akiitwa usiku, na nani atatuma sampuli zake za damu kwenye maabara ya huko.

Leo hii, mpigieni mratibu wa hospitali yenu mumuulize kama jina la mumeo liko hai kwenye orodha. Jina likisimamishwa, kwa mfano baada ya kulazwa au bima kubadilika, siku huendelea kuhesabiwa lakini hapewi figo yoyote, na kuna wanaokaa hivyo miezi bila kujua.